Nidhamu za kiroho kwa mwaka mpya: nifanyeje zisikome mwishoni mwa Januari?

Msafiri (muulizaji)

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kwa jina la Yesu Kristo.

Nina swali ambalo hunirudia kila mwaka unapokaribia kuanza. Niliokoka nikiwa kijana; sasa ni mtu mzima mwenye familia na kazi, na kila tarehe 1 Januari huweka maazimio ya kiroho kwa moyo wa kweli. Huazimia kusoma Biblia yote kabla ya Desemba, kuomba saa nzima kila alfajiri kabla wengine hawajaamka, kufunga kila Ijumaa na kutokosa mkesha hata mmoja. Majuma mawili ya kwanza huwa ya furaha, nami husadiki kwamba safari hii mambo yatakuwa tofauti. Kisha usiku mmoja nalala nimechoka, kesho yake nina sura sita za kusoma badala ya tatu, na nikipitiwa na juma zima nakuta zaidi ya sura ishirini zinanisubiri. Hapo ndipo ninapoufunga ule mpango na kuuweka kando, nikijiambia kwamba nitaanza upya mwakani.

Kinachoniumiza zaidi ni yale yanayofuata. Nikiacha kusoma, naona haya kuomba. Nikiona haya kuomba, najikuta nikiwakwepa hata ndugu zangu kanisani, kana kwamba Mungu ananidai na kila mtu anafahamu habari za deni hilo. Mwaka jana hali hiyo ilidumu hadi Pasaka.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Je, ninajitwika mengi kupita kiasi, au ni uvivu ambao napaswa kuutubu? Kama ningeanza na nidhamu moja tu, ingekuwa ipi? Na mtu atajuaje kwamba anakua kweli katika imani, wala si kwamba anatimiza ratiba?

Mwanafunzi wa Neno

Ndugu Msafiri, amani ya Bwana iwe nawe. Wengine watakujibu kuhusu maombi na kufunga. Mimi nitakaa kwenye usomaji, kwa sababu naamini anguko lako linaanzia hapo, na kwa sehemu kubwa ni suala la hesabu kabla ya kuwa suala la moyo.

Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma sura tatu kila siku hutaimaliza ndani ya mwaka. Itakubidi usome tatu kwa siku sita na tano siku ya Jumapili, na hata hivyo usikose siku. Ratiba hiyo haina nafasi ya homa, safari, msiba wala mtoto anayelia usiku kucha. Tazama pia inakupeleka wapi na lini. Mwanzo na Kutoka vina sura 90 kwa pamoja, hivyo kwa mwendo wa sura tatu unavimaliza tarehe 30 Januari, ukiwa tayari umekwisha kupita katika vipimo vya hema, mapazia na vitako vyake, na siku inayofuata unaingia Mambo ya Walawi. Msomaji mchovu, aliye peke yake, asiye na mtu wa kumweleza sadaka zile zilikuwa na maana gani, anafika mahali pagumu kabisa pa safari wakati uleule ambapo ari ya mwaka mpya inapungua. Sikuiti mvivu. Nadhani ulianza na mlima kabla miguu haijazoea njia.

Agano Jipya lina sura 260. Majuma 52 ukiyazidisha kwa siku tano unapata 260 kamili. Kwa hiyo mtu anayesoma sura moja kwa siku, siku tano kwa juma, analimaliza Agano Jipya katika mwaka mmoja, na kila juma ana siku mbili za kufidia alipokosa, au za kurudia sura iliyomgusa. Mimi ningekushauri uanze hivyo, na ningeanza na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu na haikawii popote.

Mipango mikubwa ina heshima yake, nami siidharau. Mwaka 1842 mchungaji mmoja kijana wa Dundee huko Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, aliwaandalia washirika wake ratiba ya kusoma Agano la Kale mara moja, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili kwa mwaka, na hadi leo wapo wanaoifuata. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kabla ya kutaja faida za ratiba hiyo, yeye mwenyewe alitaja hatari zake: kusoma kwa desturi tupu, kujihesabia haki, kusoma kwa haraka bila kujali, na kugeuza usomaji kuwa nira nzito isiyobebeka. Aliwaambia wazi kwamba yeyote ambaye ratiba hiyo imekuwa pingu kwake aitupe na ajilishe Neno kwa uhuru. Aliwapenda watu wake kuliko alivyoipenda ratiba yake, na nadhani ndiyo sababu ratiba hiyo imedumu.

Nakusihi pia utofautishe kusoma na kutafakari. Zaburi ya 1 inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana ya kunong'ona, kutamka kwa sauti ya chini, na katika Isaya 31:4 neno hilohilo linaelezea ngurumo ya simba aliye juu ya mawindo yake. Maandiko basi hayatafakariwi kwa macho peke yake. Yanatamkwa, yanarudiwa, yanashikiliwa kama simba ashikavyo nyama. Katika karne ya 12 mtawa aliyeitwa Guigo alieleza jambo hili kwa mfano wa ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu. Wengi wetu tunapanda kidato cha kwanza, tunashuka, na kesho tunakipanda tena hichohicho.

Mwaka mmoja niliacha kila ratiba, nikakaa na Waraka kwa Wafilipi kwa mwezi mzima. Una sura nne na mistari 104, hivyo waweza kuusoma wote kwa kituo kimoja kila asubuhi. Siku za kwanza niliona ninarudia maneno niliyokwisha kuyajua. Ilipofika juma la tatu nilianza kumsikia mtu aliyefungwa minyororo akizungumza habari za furaha, na nikajiuliza kwa nini mimi niliye huru nalalamika kila siku. Swali hilo lilibadilisha namna ninavyozungumza nyumbani kuliko sura mia nilizowahi kuzipitia kwa pupa.

Neema Yatosha

Ndugu Msafiri, nimeguswa na pale uliposema kwamba unajiona kana kwamba Mungu anakudai. Kabla hujapanga sura ngapi utasoma, shughulika na hilo kwanza, maana mtu anayesoma ili alipe deni atachoka hata akipewa mstari mmoja kwa siku. Paulo aliwauliza Wagalatia, ambao walikuwa wameanza katika Roho, kama sasa wanataka kukamilishwa katika mwili, na huo ndio mtego wa maazimio yetu mengi. Farisayo wa Luka 18 alikuwa akifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote. Nidhamu zake zilikuwa nyingi kuliko zako na zangu, na alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki.

Jonathan Edwards, mhubiri wa karne ya 18 huko Marekani, aliandika maazimio 70 katika miaka ya 1722 na 1723, akiwa bado hajatimiza miaka 20, na aliyatanguliza kwa kukiri kwamba hawezi kufanya lolote pasipo msaada wa Mungu. Hata hivyo, mwanzoni mwa Januari 1723 alikiri katika shajara yake kwamba ameona kwa uzoefu kuwa maazimio yake yote si kitu Roho wa Mungu asipomsukuma. Kama kijana yule mwenye bidii ya ajabu alifika hapo, wewe usione haya kufika hapo pia. Rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi, kama Maombolezo 3 inavyosema, hazingoji Januari.

Mama wa Wawili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Namshukuru Neema Yatosha kwa neno lake, na ninakubaliana naye kwamba hatuhesabiwi haki kwa ratiba. Ninachoogopa ni kwamba neno hilo likisikiwa nusu linaweza kumfanya mtu akae akingoja kusukumwa. Paulo huyohuyo anamwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa, na kitenzi alichotumia ni cha uwanja wa michezo, kinachosemwa juu ya mtu anayeufanyisha mwili mazoezi ya mashindano. Luka anatuambia kwamba Bwana wetu mwenyewe aliingia katika sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Yesu alikuwa na desturi. Wafilipi 2:12-13 inayaweka mambo haya mawili katika pumzi moja: tuutimize wokovu wetu, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu. Mkulima hawezi kuiotesha mbegu, lakini asipolima hatavuna.

Sasa nije kwenye maombi, kaka Msafiri. Saa nzima kila alfajiri ni jambo jema kwa mwenye uwezo nalo, lakini halikuamriwa. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na mwandishi wa Zaburi ya 55 anataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Nilipokuwa nikinyonyesha mtoto wangu wa pili sikuwa na alfajiri. Usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja, na nikipiga magoti nilisinzia palepale. Kwa miezi kadhaa nilijihukumu. Kisha mama mmoja mtu mzima katika ushirika wetu aliniambia niiombe Sala ya Bwana polepole kila ninapomnyonyesha mtoto, nikisimama kwenye kila ombi na kuweka humo jina la mtu au jambo la siku hiyo. Nikifika "utupe leo riziki yetu" niliwataja waliokuwa wakitafuta kazi. Nikifika "utusamehe deni zetu" nilimtaja mtu ambaye sikutaka kumtaja. Mtoto alikuwa akinyonya mara saba au nane kwa siku. Sijawahi kuomba mara nyingi kama nilivyoomba mwaka ule, ingawa hakuna siku niliyoomba dakika kumi mfululizo.

Wapo waliotutangulia katika njia hiyo. Ndugu Lawrence, mtawa wa karne ya 17 huko Paris, alitumikia miaka mingi jikoni, na ushuhuda wake ulikuwa kwamba kwake wakati wa kazi haukutofautiana na wakati wa sala. Hakuwa akiikimbia sala kwa kisingizio cha kazi. Alikuwa amejizoeza kwa miaka kumgeukia Mungu katikati ya vyombo na makelele, na anakiri kwamba mwanzoni ilikuwa vigumu.

Umesema kwamba ukianguka unaona haya kuomba. Siku kama hizo usitafute maneno yako mwenyewe, azima ya Zaburi. Zipo 150, ukisoma tano kwa siku unazimaliza kwa siku 30, na ukisoma moja kila usiku kabla ya kulala zinakuchukua miezi mitano. Utakuta humo zaburi ya mtu aliyetenda dhambi, ambayo ni ya 51. Utakuta ya 13, inayoanza kwa kumwuliza Mungu "hata lini" tena na tena, na kabla ya mstari wa sita kwisha mtu yule anaimba. Utakuta pia ya 88, ambayo haifiki kwenye wimbo. Inaishia gizani, na bado ni sala, na Mungu ameiacha ndani ya Maandiko yake. Nilipofiwa, hiyo ndiyo zaburi pekee niliyoweza kuisoma bila kuhisi kwamba ninasema uongo.

Msafiri (muulizaji)

Nawashukuruni sana. Nimesoma majibu yenu mara mbili, na nakiri kwamba sikuwahi kufikiri kwamba ratiba yangu haikuwa na siku hata moja ya ugonjwa. Mama, neno lako kuhusu Sala ya Bwana nimelichukua.

Yamebaki mambo mawili. Kufunga kila Ijumaa kumenishinda miaka yote. Ikifika jioni nakuwa na hasira na watu wa nyumbani, kisha najuta. La pili ni kwamba Yesu alifundisha tufunge na kuomba kwa siri, ndiyo maana sijawahi kumweleza mtu maazimio yangu. Je, nimekosea?

Mzee wa Kanisa

Mwanangu Msafiri, nakusalimu katika Bwana. Nianze na kufunga.

Ni desturi ya kale. Wakristo wa vizazi vya mwanzo walifunga Jumatano na Ijumaa, na karne nyingi baadaye John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliifuata desturi hiyo na kuwahimiza watu wake. Katika Mathayo 6 Bwana anasema "mfungapo", kana kwamba anatarajia kwamba tutafunga. Lakini hakuagiza siku wala saa, na kwa hiyo una uhuru wa kuanza na kidogo. Acha mlo mmoja tu, wa mchana, na muda ambao ungeutumia kula uutumie kuomba. Kama huwezi kupata nafasi ya kuomba siku hiyo, basi usifunge, kwa sababu utakuwa umekaa na njaa tu. Ile hasira ya jioni usiifiche. Mfungo hauileti hasira hiyo; unaifunua, na ukishaiona unaweza kuitubu kwa jina lake. Isaya 58 inawakemea watu waliofunga huku wakigombana na kuwaonea wafanyakazi wao, na inawaelekeza kwenye mfungo wa kumgawia mwenye njaa chakula. Kwa hiyo ule mlo ulioacha, au thamani yake, mpe mtu asiye nacho. Kufunga kusikokuwa na sadaka na upole nyumbani kumekatwa nusu.

Kuna jambo ambalo nalisema kila mwaka, na sitachoka kulisema. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, mama mjamzito au anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa zinazohitaji chakula, na aliyewahi kusumbuliwa na maradhi ya kujinyima kula, asifunge chakula kabla ya kuzungumza na daktari. Anaweza kufunga kitu kingine, kama vile simu na mitandao kuanzia jioni hadi asubuhi, na Bwana hataipima sadaka yake kwa uzito wa tumbo. Nimewahi kumwona mtu akizimia katikati ya ibada kwa sababu alidhani kumwambia kiongozi wake kwamba ni mgonjwa ni upungufu wa imani. Jambo hilo lilinihuzunisha, na naona sisi wazee tulikuwa na sehemu yetu katika kosa hilo, kwa kuwa tulikuwa tumehimiza mfungo bila kuuliza hali za watu.

Kuhusu siri, Bwana alikataza maonyesho, yaani kufunga ili watu wakuone. Hakukataza kumshirikisha ndugu mmoja anayeweza kukuinua. Yakobo anaagiza tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, na hilo haliwezekani kwa mtu aliyefunga midomo. Wesley aliwakusanya waumini katika vikundi vidogo vilivyokutana kila juma kuulizana hali za nafsi zao, na mwaka 1755 alianzisha ibada ya kufanya upya agano na Mungu, ambayo Wamethodisti wengi huifanya hadi leo mwanzoni mwa mwaka. Angalia kwamba hata agano lile wanalifanya pamoja, wakiwa kusanyiko. Wewe kila Januari umekuwa ukiweka agano lako chumbani, peke yako, na ukianguka unaanguka peke yako pia. Hapo ndipo naona kosa, kama unataka nilitaje.

Tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako, asiye mwepesi wa kusema habari za wengine. Mkutane au mzungumze mara moja kwa juma. Asikuulize umesoma sura ngapi. Akuulize umesikia nini katika ulichosoma, na ni nani uliyemkosea juma hili.

Uliuliza pia mtu atajuaje kwamba anakua. Mimi huangalia tunda la Roho katika Wagalatia 5, kisha nawauliza wale ninaoishi nao, kwa kuwa wao huona uvumilivu wangu ulivyo kabla mimi sijauona. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba siku hizi ninaomba radhi mapema kuliko zamani. Alisema hivyo katika mwaka ambao nilidhani nimerudi nyuma kiroho.

Na ulale. Eliya alipotamani kufa chini ya mti katika jangwa, malaika hakumletea ratiba; alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, maana safari ilikuwa kubwa.

Mwanafunzi wa Neno

Mzee, ubarikiwe. Naongeza dogo tu kwa Msafiri: ukikosa siku, usifidie kesho yake kwa kusoma sura mbili. Soma sura ya siku uliyopo na uendelee. Zile siku mbili za ziada katika juma zipo kwa ajili ya kufidia, na zikipita nazo, acha zipite.

Msafiri (muulizaji)

Wapendwa, asanteni. Nimefuta ratiba niliyokuwa nimeiandaa. Nitasoma sura moja kwa siku tano za juma nikianza na Marko, na zaburi moja kila usiku. Kuhusu mfungo nitasubiri, kwa kuwa nameza dawa za shinikizo la damu na sikuwahi kumwuliza daktari. Nitamwuliza nitakapokwenda kwake mwezi huu.

Jana jioni nilimpigia simu ndugu mmoja wa kanisani kwetu ambaye nilikuwa nimemkwepa tangu mwaka jana, nikamweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba naye aliishia katika Mambo ya Walawi, na kwamba alidhani ni yeye peke yake. Tumekubaliana kuzungumza kila Jumamosi asubuhi. Tunaanza Jumatatu ijayo, Marko sura ya 1.